Moyo Wangu kwenye Simu ya Kocha

La, hauumi. Najua ndilo mtakaloniuliza, basi nalijibu kabla hamjafungua kinywa. Kila anayekaa nami kwenye benchi la kliniki ya moyo pale Msambweni, akishaniamkia na kunisogezea nafasi, swali lake ni hilo hilo: bibi, wako uliuma vipi? Haukuuma. Laiti ungeuma ningepiga kelele siku ya kwanza, maana kelele mimi sijapungukiwa. Wangu uliruka tu. Mchukue samaki changu yu hai, umtupe kwenye ndoo isiyo na maji. Atajipiga, atatulia ukadhani amekufa, halafu atajipiga tena mara tatu za haraka. Ndivyo ulivyokuwa. Nami nikiweka mkono kifuani nacheka, naona ni kichekesho.

Haya nayasema mimi, anayeandika ni mjukuu wangu Mejumaa, kwa kuwa mimi kalamu sikufundishwa. Nimemwambia asinitengenezee maneno. Nayasema kwa ajili ya mwenye kukaa pale benchi akiwa na hofu, na zaidi kwa yule aliye nyumbani anayejiambia ni chumvi tu imezidi.

Twakaa Gazi, watu watatu. Mimi, binti yangu Saumu anayefua mashuka katika hoteli moja huko Diani, na Mejumaa, mwana wa Saumu, ana miaka kumi na tisa. Mimi nashona makuti ya kuezekea. Kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara, ni kuigiza watu. Mwenye duka akikataa kukopesha, chifu akifungua baraza, Saumu akibishana na msimamizi wake, wote ninao mdomoni. Watu wa hapa wakisikia sauti ya chifu nyuma ya ua wetu, huuliza kwanza kama ni yeye au ni bibi.

Mejumaa kazi yake ni kukimbia. Tangu mdogo, maji ya bahari yakitoka, yeye huyo, kwenye mchanga mgumu kuelekea Kinondo, mpaka awe kitone. Akaonekana na kocha mmoja wa kutoka bara anayekaa Ukunda, Kocha Barasa, mtu mrefu, mpole, simu haimtoki mkononi. Huyo kumuigiza ni rahisi. Waiweka shingo mbele kidogo, wayatupa macho kwenye kiganja, kisha: “Shosho, habari yako. Huyu msichana ako na kipaji, unaskia? Mimi nataka kumpeleka mbali.” Nikamwambia shosho ni wa kwenu, mimi ni bibi. Akasema sawa shosho.

Mbali kwenyewe ilikuwa kambi ya wakimbiaji huko bara, kwenye baridi. Kocha aliambiwa alete wawili kutoka pwani yetu, ifikapo kusi, masika yakisha kupita. Wawili tu, na yeye alikuwa na vijana kumi na mmoja. Mejumaa hakutaka kitu kingine duniani. Hakutaka nguo ya Idd, hakutaka kusikia habari ya mchumba. Alitaka kambi.

Basi kocha akawapa kila mmoja saa ya mkononi, ya mpira mweusi, mgongoni ina taa ya kijani. Ikihesabu mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye simu yake. Mejumaa alinieleza akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, akinikunia nazi. Akasema moyo wa mtu aliyepumzika haupigi kwa kulingana kama saa ya ukutani. Nafasi kati ya pigo na pigo hurefuka kidogo, hupungua kidogo, kama mtu anayetembea bila haraka. Mtu akichoka, au akiwa na mawazo mengi, mapigo hulingana kama askari kwenye gwaride. Saa hupima tofauti hizo, na kila asubuhi hutoa namba moja. Namba ikiwa juu umepumzika, kocha atakukimbiza sana. Ikiwa chini, leo tembea tu. Nikaona ni jambo la akili. Mtu kupimwa uchovu wake bila kuulizwa.

Ramadhani ikaingia. Kwetu anayeamsha watu kwa daku ni mimi, tangu mume wangu yu hai, na kazi hiyo siiachii mtu. Lakini masikio yangu yamechoka. Simu ya Saumu ikilia huamka nyumba tatu za jirani, mimi nimelala. Siku ya pili ya mfungo tulipitiwa sote, tukafunga na maji matupu. Mejumaa akasema, bibi, vaa saa yangu ulalapo, nitaitega ikutetemeshe mkono. Yeye akiichukua baada ya swala ya alfajiri, akiivaa na kwenda zake. Alidhani saa yasoma moyo asubuhi pale mtu anapoivaa. Kumbe yasoma usiku, mtu akiwa usingizini.

Mnaona inakokwenda. Mimi sikuona. Nililipenda lile dude. Likinitetemesha nilihisi kama kuna mtoto amenishika mkono, kwamba bibi, amka.

Baada ya siku chache Mejumaa akaja anacheka, namba imepanda. Kesho imepanda tena. Kocha akamwongezea mbio. Jua la kaskazi, mdomo umefungwa, na yeye anakimbia jioni kabla ya futari, kesho yake tena. Tulifurahi sote. Saumu akasema ni baraka za mwezi.

Idd ikapita, nami saa nikaendelea kuiomba kila nikilala, ati ya kuniamshia alfajiri. Ndipo kocha akaja nyumbani kumtoa Saumu wasiwasi wa kumpeleka binti ugenini. Tukampa chai na mahamri. Akatoa simu, akatuonyesha mchoro, mstari unakwenda chini chini halafu unaruka juu kama mnazi.

“Mama, ona hapa,” akamwambia Saumu. “Tangu mfungo uanze. Hii namba sijawahi kuona kwa mtu yeyote. Huyu moyo wake ni wa ajabu.”

Tangu mfungo uanze. Mimi sijui kusoma, lakini kuhesabu usiku najua. Ule mnazi ulikuwa ni mimi.

Ningesema pale pale, mambo yangekwisha kwa kicheko. Nilimtazama Mejumaa. Alikuwa amesimama mlangoni, ule uso sikuwahi kuuona, uso wa mtu anayesifiwa mbele ya mama yake. Nikanyamaza. Na nisiwafiche, haikuwa huruma peke yake. Kulikuwa na majivuno. Nilijiambia, kumbe mimi, bikizee wa makuti, moyo wangu wawashinda vijana kumi na mmoja wa Kwale. Basi kama moyo wangu ni mzuri hivyo na yeye ana haja nao, nitamsaidia. Kuanzia hapo sikuivaa saa kwa kuamshwa. Niliivaa makusudi.

Na saa ikaniponza mimi mwenyewe. Masika yalipoanza nilikuwa nikikuna nusu ya nazi napumzika, nakuna, napumzika. Jioni miguu imevimba, kandambili haziingii, nikibonyeza kwa kidole pabaki shimo. Nikilala chali pumzi hazitoshi, nikaongeza mto wa pili, nikaongeza wa tatu, mwisho nalala kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi. Saumu akaniambia twende hospitali. Mimi ninamjibu kwa sauti ya kocha: “Moyo ni wa ajabu, mama.” Hakujua namsema nani. Nilikuwa na cheti changu kwenye simu ya mtu, nani angeniambia naumwa? Mwenye kunisikia, simama hapa. Miguu ikivimba jioni na mito ikiongezeka kitandani, usingoje kuumwa. Nenda.

Mejumaa naye akawa anapungua. Shingo ikatoka mifupa. Alikuwa mtu wa kuimba akioga, akaacha. Kisha Saumu akagundua kwamba vitambaa vya mwezi havianikwi tena, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Hapo nyumba iliwaka. Saumu akigomba hapandishi sauti, huishusha, na hilo ndilo baya. “Niambie ni nani. Usinitazame mimi, niambie ni nani.” Mtoto anaapa, mama haamini. Akapimwa kwa kile kijiti cha duka la dawa, hana kitu. Saumu badala ya kuomba radhi akasema pengine kijiti kibovu. Wiki mbili hawakusemezana, wakipitisha maneno kwangu kama mimi ndiye simu. Nami nilijua, au nusu yangu ilijua, kwamba mwili wa mtoto umeishiwa nguvu kwa mbio.

Alasiri moja ya mvua akarudi kutoka mazoezini, akakaa kwenye mkeka na viatu vyake, akasema, “Bibi, nimechoka. Nimemwambia kocha, akasema namba iko juu, ni kichwa changu tu.”

Na mimi nikaiweka shingo mbele, nikayatupa macho kwenye kiganja. “Saa inasema uko fiti sana, unaskia?”

Hakucheka. Alijifunika leso uso mzima, akalala pale pale na matope yake.

Siku ya tatu baada ya hiyo, asubuhi, nilikuwa nimekaa barazani nashona makuti. Mkono wa kulia ukaachia. Sikuutupa, uliachia wenyewe, ukabaki mapajani kama wa mtu mwingine. Nikataka kumwita Saumu, mdomo ukaenda upande. Maneno yalikuwepo, nayaona, lakini yaliyotoka ni uji.

Saumu alikuwa anapita na ndoo. Akanitazama, akacheka.

“Leo wamuigiza nani?”

Hilo ndilo malipo ya miaka sitini ya utani. Nikazidi kujitahidi kusema, naye akazidi kucheka, akasema acha mama, dhambi kuwaigiza wagonjwa. Mejumaa ndiye aliyetoka ndani, akanishika taya, akaninyanyua mkono, akauona unaanguka. Alikimbia mpaka barabara ya lami, pekupeku, mvua yanyesha, akasimama katikati akasimamisha gari la mtu asiyemjua. Mtoto aliyekuwa hawezi kuvua viatu vyake.

Hospitalini nilikaa siku tisa. Daktari alikuwa binti mdogo wa buibui jeusi, mikono yake ya baridi. Alinibandika vibandiko kifuani, karatasi ikatoka kwenye mashine, mistari kama ya kuku aliyekanyaga majivu. Akanieleza taratibu, na alinieleza mimi, si Saumu, ingawa mimi ndiye niliyekuwa sisemi. Moyo wangu umepoteza mwendo. Hupiga ovyo. Ukipiga ovyo damu hulala ndani, ikaganda kidonge kidogo, na kidonge changu kilikuwa kimepanda kichwani. Akasema nimebahatika, ni kidogo.

Bahati yenyewe nikaiona kesho yake alasiri, neno la kwanza liliporudi. Lilikuwa “maji”. Siku ya nne nilikuwa na maneno ya kutosha kumuigiza muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya tarumbeta: “Kadi juu. Sikutaka mkono, nimesema kadi juu.” Ilitoka imepinda, lakini wodi nzima ilicheka, na mwenyewe alikuwa mlangoni. Akaja akanitengenezea mto. Akasema, bibi huyu ataishi. Mambo madogo kama hayo mgonjwa huyashika kuliko dawa.

Sauti ya kocha sikuithubutu.

Mejumaa alikuwa analala chini ya kitanda changu kwenye mkeka, na saa mkononi mwake sasa. Namba ikaanguka kama nazi. Kocha akapiga simu. Akamwambia ni mawazo kwa ajili ya shosho, si kitu, aishushe presha. Akamfundisha kuvuta pumzi: vuta polepole mpaka tano, toa polepole mpaka tano, mara nyingi, macho yamefungwa. Basi tukawa twavuta wote wawili, mimi juu, yeye chini. Kwa kweli ilisaidia. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku. Hata leo, nikikaa benchi na kifua kikianza vituko, navuta hivyo. Lakini wakati ule kila nikitoa pumzi nilihisi neno limenikaa kooni, na hilo halikuwa la ugonjwa.

Masika yakaisha nikiwa mtu wa vidonge. Kuna cha kutuliza mwendo, kuna cha kutoa maji, ambacho wiki ya kwanza kilinifanya niishi chooni mpaka miguu ikarudi kuwa miguu. Kuna cha kuifanya damu iwe nyepesi, na hicho ndicho chenye wivu. Ukinywa hicho, kila Jumanne watolewa damu mkononi ionekane imekuwa nyepesi kiasi gani. Hakitaki leo ule sufuria ya mchicha na wiki ijayo usile jani. Kula kidogo, kula sawasawa. Hakitaki dawa ya miti ya kuletewa na jirani. Kama wanywa, mwambie daktari, hakupigi. Siku ya kliniki nenda na leso ya kujifunika, feni za pale zina ubaridi wa kushangaza, na kaa karibu na mlango usikie jina lako likiitwa vibaya. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Makuti nashona sita ambapo nilishona ishirini.

Jumanne ya tano nilimuuliza daktari habari za saa. Nilimwambia yote, na Mejumaa hayupo, ameenda kupanga foleni ya dawa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema saa ile iliona mapigo yangu hayalingani hata mawili, ikadhani ni raha. Haikujua ni fujo. Ile namba ya ajabu, ule mnazi, ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe. Nikauliza, na mtoto aliyekimbizwa kwa namba hiyo? Akaweka kalamu chini. Akasema, bibi, hilo usiniambie mimi.

Nilikuwa bado natafuta siku ya kusema, kocha akaja mwenyewe. Kusi imeshaanza, upepo unapeperusha majani uani. Alikuja na karatasi, na katika karatasi hiyo majina mawili, na la kwanza ni la Mejumaa. Alisema kuanguka kwa namba amewaeleza wa kambi, ni kuuguliwa na bibi, wameelewa. Wanaondoka Jumamosi. Saumu aliweka mikono usoni. Walikuwa wameanza kusemezana tena, na nadhani alitaka safari hiyo iwe radhi yake kwa mtoto. Mejumaa aliishika karatasi kwa vidole viwili, kama kitu chenye unyevu.

Basi nikasema. Ulimi mzito, maneno mengine yakitokea upande, lakini nilisema: saa ilikuwa mkononi mwangu tangu daku ya tatu. Namba ni zangu. Nilijua tangu siku ya mahamri, nikanyamaza.

Sauti niliyotumia ilikuwa yangu. Sina mazoea nayo, niliisikia kama ya mgeni.

Kocha akatazama simu, akairudisha nyuma, nyuma, mpaka mwanzo wa mfungo, akawa anaguna. Yeye si mtu mbaya, na hilo nataka liandikwe. Alikuwa na majina mawili ya kupeleka na wakubwa wa kumngoja. Mwishowe akasema orodha imeshapelekwa, hakuna haja ya mtu mwingine kujua. Apumzike siku hizi zilizobaki, avae saa mwenyewe, avute pumzi, namba itapanda njiani. Saumu akadakia, mwanangu, nafasi haiji mara mbili. Hata mimi, na aibu yangu yote, nikafungua mdomo kusema nenda, mjukuu wangu, usiikose kwa ajili yangu.

Mejumaa akavua saa. Akaiweka juu ya ile karatasi, mbele ya kocha, akatutazama kwa zamu.

“Nilisema nimechoka. Wewe uliangalia simu, na bibi akanicheka.”